Karani, Paka wa Mwalimu Felicitas

Mwaka mmoja umetimia, Karani, tangu Jumamosi ile ulipotuaga hapa Boko. Tunakuandikia katika kundi la ukoo, mahali tunapotangaziana misiba, vipaimara na harusi. Wapo watakaouliza kama paka naye hufanyiwa kumbukumbu. Mama ameshawajibu: asiyetaka kusoma, apite.

Ulizaliwa katika stoo ya shule ya msingi alikofundisha Mama, nyuma ya madawati mabovu. Wakati huo panya walikuwa wakitafuna karatasi za mitihani. Ulipofikisha miezi minane, walikuwa wamehama. Mama hakuwa mtu wa kukaa na wanyama. Kwao Bukoba paka hulala nje, na huyo ni paka mwenye bahati. Lakini wewe ulikuwa ukipanda mezani kila alipofungua daftari la mahudhurio, ukalalia ukurasa wa siku hiyo, wala hukuondoka mpaka amalize kuita majina. Walimu wenzake wakakupa jina la Karani.

Siku aliyostaafu alipewa kitenge, saa ya ukutani na cheti. Vyote alimkabidhi mwanawe Edgar avibebe. Wewe alikubeba mwenyewe, ndani ya boksi la chaki.

Hapa nyumbani ulichagua kulala juu ya king'amuzi cha televisheni, kwa sababu kilikuwa na joto. Mkia ulining'inia mbele ya kioo. Kwa miaka sita tulitazama taarifa ya habari tukiona nusu ya uso wa msomaji, na hakuna aliyethubutu kukusogeza. Hukupenda wageni waliojipulizia manukato. Hukuiba chakula hata mara moja, jambo ambalo Mama alilitaja mbele ya wageni kama mzazi anayesoma ripoti ya mtoto wake.

Ulipoingia mwaka wa kumi na tano ulianza kunywa maji bila kikomo. Ulikonda, manyoya yakapoteza mng'ao, na mgongo wako ukawa mifupa mitupu mkononi. Daktari wa mifugo, Erasmus, alikupima na kusema kwamba figo zimechoka. Haziponi, alisema, ila zinaweza kutunzwa kwa muda. Usipewe chumvi.

Mama alishika neno moja tu: kutunzwa. Jioni hiyohiyo aliandika ratiba na kuibandika kwenye friji. Saa kumi na mbili na nusu, dawa. Saa moja, changu wa kuchemsha, bila chumvi, bila mwiba. Saa nne, supu. Kila Jumapili baada ya misa alipanda kwenye mizani akiwa amekupakata, kisha akapanda peke yake, akatoa, akaandika tofauti.

"Mama," bintiye Loveness alimwambia, "hata sie hatukuwahi kuangaliwa hivi."

"Nyie mlikuwa na figo nzima."

Hata hivyo, hukula vizuri. Ulinusa changu, ukamtazama Mama kwa adabu, ukaondoka. Baadaye Mama aligundua kwamba kila asubuhi ulipotea kwa nusu saa na kurudi ukijilamba. Siku moja alikufuata. Alikukuta mlangoni kwa jirani yetu, Bi Mwamvita, anayeleta samaki kutoka Kunduchi na wengine kuwatia chumvi na kuwaanika uani wawe ng'onda. Ulikuwa umeketi mbele yake wima kama mgeni rasmi. Bi Mwamvita alikuwa akikulisha ng'onda kiganjani.

"Bi Mwamvita! Unampa nini paka wangu?"

"Karibu, Mwalimu. Ng'onda. Kidogo tu, kama ukucha."

"Ina chumvi!"

"Sasa ng'onda isiyo na chumvi si itakuwa imeoza?"

"Tangu lini unampa?"

"Mwaka wa sita huu. Mie nilijua unajua."

Mama hakucheka. "Mimi namtibu, wewe unamuua."

Bi Mwamvita alisimama, akajipangusa mikono. "Mwalimu, huyu ni mzee. Kwako anapata dawa. Kwangu anapiga stori. Neno la kuua usiniletee mlangoni kwangu, mie ni mama wa watu."

Mama alikuchukua bila kuaga. Tangu saa hiyo madirisha yalifungwa, na mlango ukapewa amri ya kutofunguliwa ovyo. Hukulia. Ulikaa ukiutazama mlango. Ukakataa changu, ukakataa supu, na siku ya pili ukakataa maji. Mama aliongeza mistari kwenye ratiba. Siku ya tatu alimwita Erasmus.

Daktari alikupapasa tumbo, akakuinua ngozi ya shingo, kisha akamwomba Mama watoke barazani.

"Mwalimu, zimebaki siku. Si miezi."

"Ni ile chumvi?"

"Haikumsaidia, lakini siyo iliyomfikisha hapa. Ni uzee. Naweza kumchoma sindano akalala asisikie maumivu. Ukiwa tayari, nipigie."

Erasmus alipoondoka, Mama alirudi jikoni akasimama. Alikuwa amekunyima ng'onda, na hilo aliliona ni sahihi hata sasa. Kilichomsumbua ni kwamba pamoja na ng'onda alikuwa amekunyima mtu. Kila siku kwa miaka sita ulikuwa na mahali pa kwenda na mwenyeji wa kukukaribisha, naye alipafunga kwa ufunguo katika juma lako la mwisho. Katika miaka thelathini na minne ya kazi, Mama hakuwahi kumfuata mzazi yeyote nyumbani kwake kumwomba radhi. Wazazi ndio walioitwa ofisini. Alijitanda kanga, akakufunga kwenye taulo, akatoka.

"Hodi, Bi Mwamvita."

Bi Mwamvita alichungulia mlangoni. "Karibu, kama si kesi."

"Si kesi. Mimi nimekuja kuomba radhi, yeye amekuja kula. Langu linaweza kusubiri. Lake haliwezi."

Bi Mwamvita alikutazama, akaingia ndani haraka. Alitoka na kipande kidogo, akakiloweka majini, akakichambua na kukiweka kiganjani. Ulinusa. Mama alitazama pembeni. Ukala.

"Kala?"

"Kala, Mwalimu."

Kipande cha pili ulikilamba tu, kisha ukalaza kidevu katika kiganja chake, ukafumba macho.

"Mtu mzima na cheti chako," Bi Mwamvita alisema, "unalia kwa ajili ya ng'onda."

"Nyamaza. Mwekee kingine karibu, pengine atataka."

Kuanzia hapo Mama alikupeleka kila asubuhi, akiwa amekubeba. Ratiba aliibandua mwenyewe. Wanawake hao wawili walikaa mkekani nawe katikati yao, wakizungumza habari za watoto, magoti na bei ya nazi. Tuliporudi kutoka kazini tuliwakuta bado wanabishana. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Mama akicheka kwa sauti nyumbani kwa mtu.

Ijumaa hukuinua kichwa. Bi Mwamvita alikusogezea kiganja puani, ukakitazama tu.

"Ungekuwa wewe," Mama alimuuliza, "ungemwita daktari?"

"Hilo siwezi kukuamulia, Mwalimu. Roho ina Mwenyewe. Ila ukimwita, nitakuja nikae na wewe."

Mama alimpigia Erasmus alasiri hiyo.

Asubuhi iliyofuata walikaa kwenye ngazi za jikoni, bega kwa bega, nawe umelala mapajani mwa Mama. Sisi watoto tulisimama nyuma yao. Hukuwa na hofu. Ulitazama kuku wa jirani kwa dharau yako ya kawaida.

"Mko tayari?" Erasmus aliuliza.

"Hatuko tayari," Mama alisema. "Endelea."

Erasmus alipokuchoma sindano, Mama alianza kukupapasa kutoka utosini hadi mkiani, polepole, bila kuruka mahali. Kifua chako kilipanda na kushuka, kisha kikashuka tu. Mkono wa Mama haukusimama. Bi Mwamvita alimshika kifundo cha mkono.

"Mwalimu. Ameshakwenda."

"Najua," Mama alisema. "Niache nimfikishe mkiani."

Bi Mwamvita akamwachia mkono.

Wanaokukumbuka ni Mama yako, Mwalimu Felicitas. Wanawe, Edgar na Loveness. Na Bi Mwamvita wa nyumba ya pili, ambaye Mama ameagiza jina lake liandikwe hapa pamoja na ndugu, si pamoja na majirani.

Hatutakusahau, Karani, siku zetu zote.