Muhuri wa Mtalii

Mpika, Zambia
19 Machi 2025

Dada Teresia,

Shikamoo. Leo natimiza siku kumi na tatu tangu nivuke mpaka hapo Tunduma. Natumaini wewe na genge lako la mboga mko salama, na baba huko Ndalambo anaendelea. Mimi mzima, ila mabega yamechubuka. Simu hazishiki hapa kambini, kwa hiyo barua hii nampa Ayoub, dereva wa lori la saruji.

Tunajenga nyumba za watalii karibu na maporomoko ya maji. Wageni wameshaanza kufika hata paa halijaisha. Wapo wanaoamka alfajiri kuangalia ndege. Wapo waliokuja kuomba mlimani. Mama mmoja mzee amekuja kuona shule alikofundisha baba yake. Amekuta gofu, akalia, kisha akaniambia sasa ameridhika. Nimemshangaa, lakini nimemwelewa.

Sasa kuna jambo. Mpakani niliulizwa nakwenda kufanya nini. Nyuma yangu foleni ndefu, sikutaka kutangaza shida zangu, nikajibu kama tunavyojibu nyumbani: "Natembea tu." Si unajua niliishia darasa la tano, jana ndipo Amoni, ninayelala naye chumba kimoja, akanisomea Kiingereza cha muhuri waliogonga kwenye karatasi yangu. Nimeandikwa mtalii! Siku thelathini, kazi marufuku. Zinaisha tarehe 5 Aprili, na kazi ni mpaka mwisho wa Mei. Niulizie hapo Tunduma kwa watu wa uhamiaji nifanyeje, ila usinitaje jina.

Mdogo wako,
Luka

Tunduma
25 Machi 2025

Mdogo wangu Luka,

Marahaba. Barua imefika, nasi tunapumua, Mungu anatusaidia. Pole na mabega.

Nimeuliza. Nimemkuta afisa mmoja wa uhamiaji upande wetu, dada mcheshi. Akasema, "Watalii wako wa kila namna. Wa mbuga, wa kuhiji, wa matibabu, wa mikutano, hata wa harusi. Wako kaenda kuona nini?"

Nikamjibu, "Matofali."

Akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akakaza uso. "Aache kazi leo hii, atoke kabla ya tarehe. Kazi ina kibali chake, akiombe akiwa kwao. Akikamatwa huko, sisi hatuna la kumsaidia."

La pili ni zito. Jicho la baba lililobaki limefunikwa na mtoto wa jicho. Ananijua kwa sauti tu. Madaktari wa macho wanakuja Vwawa siku moja, Alhamisi tarehe 3 Aprili, na nimeshamwandikisha. Wasipompasua sasa, wanasema jicho litakufa. Lakini mzee amegoma: "Siguswi jicho mpaka Luka akae pembeni yangu."

Nikamwambia, "Kwani mimi si mwanao?"

"Wewe utalia, halafu mimi nitaogopa."

Mchungaji kambembeleza, wapi! Sina la kukuongezea.

Dada yako,
Teresia

Mpika
30 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Nimepata barua yako juzi jioni, na tangu jana sijabeba tofali hata moja. Watoto wangu hapo kwako wape salamu. Kwa afya sijambo, kwa moyo nimechoka, sitakudanganya.

Leo nimemfuata msimamizi. Nikamwita mukwai, kama wanavyoitana kwa heshima huku, nikamwambia naondoka.

Akasema, "Paa bado wiki tatu. Ukitoka, mwingine anaingia kabla jua halijazama. Baki. Gari la uhamiaji likija unajificha nyuma ya mapipa ya maji, wenzako wote wanafanya hivyo."

Nikamwambia mimi sijifichi. Nina miaka thelathini na minane, siwezi kuchutama nyuma ya pipa huku baba yangu anapofuka.

"Haya, safari njema, mtalii!" Kambi nzima ikacheka. Nami nilicheka, huku nafunga begi.

Nafasi hii niliitafuta mwaka mzima, na najua haitanisubiri. Acha iende. Kibali nitakiomba hapo nyumbani, na nikiulizwa tena nitataja kazi kwa sauti, foleni yote isikie.

Barua hii inatangulia na dereva mwingine anayetoka leo. Mimi naondoka na Ayoub keshokutwa. Mtoe baba Ndalambo Jumanne, alale kwako. Akianza ubishi, mwambie kiti cha pembeni kina mtu, na mkono wake nitaushika mpaka wamfunge bandeji. Na wewe utakaa nje, dada, ulie unavyotaka.

Nitaingia Tunduma Jumatano tarehe 2, saa nne asubuhi. Mchana huohuo tunampeleka Vwawa.

Mdogo wako,
Luka