Dawa ya Kahawia Uliyomfungia Mama

Wampembe

Kaka Oswadi,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu Mama alitulea hivyo, siyo kwa sababu moyo wangu umetaka. Umenikatia simu mara mbili, sasa utasoma. Mimi mzima. Kazi ya kupika hapa shuleni inaendelea, kuni mbichi, moshi mtupu, lakini tangu nianze kuvuta ile dawa ya kopo la kahawia bila kuruka siku, pumu imenipa nafasi. Silali tena nimekaa.

Tuje kwa Mama. Wifi ameniambia yote, na usimgombeze, mimi ndiye niliyembana. Kumbe siku ile mnapura maharage uani, vumbi lote lile na Mama umemkalisha katikati apepete, alipobanwa ulimvutisha ya kahawia. Ukaona hapati nafuu, ukasema ni feki, ukaifungia kabatini. Nani alikwambia ile ni ya kubanwa? Daktari alitueleza sote watatu, mimi na Mama tunasikiliza, wewe umeinamia simu unachati. Ya kopo la bluu ndiyo inafungua kifua saa ileile. Ya kahawia inatuliza uvimbe wa ndani polepole, siku hata wiki, ndiyo maana inavutwa asubuhi na jioni hata mtu akijisikia mzima, kisha anasukutua mdomo. Wewe uliijaribu mara moja ukaihukumu.

Halafu unatamba kwamba umempatia vidonge vya duka la dawa. Vidonge hivyo mimi nilivimeza miezi na miezi kabla sijaja huku, umesahau? Uso ulivimba, njaa haikuisha, na wewe ukawa unaniita bibi harusi aliyenona. Vinasaidia siku chache mtu akizidiwa, tena kwa maelekezo ya daktari. Mama unampa kama chai.

Unasema pumu yake imetulia kwa sababu hajalazwa. Mtu anavuta ya bluu kila siku, anaamka kukohoa, anasimama njiani mara tatu kabla ya kufika kanisani, huko ndiko kutulia? Daktari alisema kama ya kahawia haitoshi, ataongeza kipimo au atampa ile yenye dawa mbili ndani yake. Lakini ataamuaje na Mama hajaivuta? Ataongeza juu ya nini, Kaka? Juu ya kabati lako?

Nimepewa ruhusa na mkuu wa shule. Barua hii anakuletea dereva wa gari la samaki, na mimi napanda nalo Ijumaa ijayo. Usinisubiri. Mrudishie Mama dawa yake leo, umpeleke kwa daktari na kila anachotumia, na vidonge usimkatishe ghafla mpaka daktari aseme. Jiko la mkaa litoke chumbani kwake, baridi ya huko mfunike mablanketi. Nikikuta hujafanya, namchukua aje kukaa nami huku ziwani, na ukoo mzima useme utakavyo.

Msalimie wifi, mwambie nimemshukuru. Mjomba wa Milepa akipita, mwambie naye asikuunge mkono.

Jana niliongea na Mama kwa simu ya wifi. Nilimuuliza kwa nini hakudai dawa yake. Alisema maneno mawili, akavuta pumzi, mawili, akavuta pumzi: "Mwache kaka… yako, anajitahidi."

Yeye anakuonea huruma. Mimi sikuonei.

Mdogo wako,
Yustina