Uso wa Mama Kabla ya Harusi

Kitengela,
14 Septemba 2003.

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini kifua chako kimepona na kwamba vumbi la Rombo limeanza kukuonea huruma. Sisi huku tu wazima. Muhula wa tatu umeanza, nami bado ni yule yule wa kujificha maktaba.

Katika barua yako uliniuliza kama Mama bado anataka ndoa yenu ibarikiwe kanisani, kwa kuwa alimwambia pasta aiahirishe ile siku ya Agosti bila kukupa sababu. Uliandika kwamba ikiwa amekuchoka, afadhali uambiwe na mimi. Hapana, Baba. Mama hajakuchoka.

Baada ya Pasaka, Mama alianza kuyalaumu maji ya kisima. Alisema chumvi yake ndiyo inamchora mistari kando ya macho na kumtia madoa mashavuni. Akawa ananawa uso kwa maji ya mvua tuliyoweka ya chai. Mvua ilipokatika, alinunua krimu sokoni, kwenye kikopo kisicho na jina. Aliyemuuzia alimwapia kwamba kabla ya mwezi kuisha watu watauliza kama mimi na Mama ni ndugu.

Mwanzoni aling'aa kweli, hata akawa anaimba mbele ya kioo. Kisha ngozi chini ya macho ikawa nyekundu, ikabambuka, halafu ikawa nyeusi kuliko zamani, kama ukoko wa ugali. Akaanza kujifunga leso mpaka mashavuni. Kanisani hakwenda tena, maana kina mama walikuwa wanamngoja wampime gauni. Hapo ndipo alipoahirisha.

Aliyemtoa ndani ni Mama Kisemei, yule anayetuletea maziwa. Asubuhi moja aliita takwenya, ile salamu yake ya Kimaasai, mlangoni, na Mama akatoa mkono tu na jagi. Mama Kisemei alikataa kumimina. Alisema yeye hauzii mkono maziwa, aonyeshwe mwenyewe, huenda mwizi ameingia nyumba ya watu. Mama akashindwa kuzuia kicheko, na leso ikateleza. Mama Kisemei alipouona uso aliacha mzaha. Alisema binti wa dada yake aliungua vivyo hivyo akatibiwa Kajiado. Ijumaa hiyo tulienda sote watatu.

Daktari Mbeke alikinusa kile kikopo, akasema kitupwe. Alieleza kwamba krimu kama hizo huwa na dawa kali zinazoharibu ngozi, na kwamba madoa yatafifia polepole Mama akiziacha, akipaka dawa aliyopewa na kuvaa kofia pana juani. Chumvi ya kisima haina hatia. Mama akauliza habari ya mikunjo. Daktari akasema hiyo si ugonjwa, inaletwa na jua, umri na kucheka, na kwamba angekuwa na dawa yake angeanza kujipaka yeye. Mama alicheka kuliko sisi wote.

Madoa sasa yameanza kupungua. Lakini Baba, kuna jambo ambalo ni gumu kwangu kuandika. Siku ya Pasaka, wageni wakila, ulitania kwamba siku ya harusi watu watadhani unamsindikiza dada yako mkubwa. Wote walicheka, na Mama pia. Mimi nilikuwa nawanawisha wageni mikono. Nilipoingia jikoni nikamkuta Mama anajitazama kwenye kifuniko cha sufuria. Maneno ya kisima yalianza kesho yake. Najua hukukusudia, na sijawahi kukuambia neno kama hili, lakini umeniuliza.

Jana nilimweleza Mama ninayokuandikia. Akasema mtoto hamfundishi babake, kisha akauliza kama niko na stempu. Leo asubuhi alienda studio bila leso wala poda akapigwa picha, na ni yeye mwenyewe aliyeitia ndani ya bahasha hii. Anasema uitazame vizuri. Ukiwa bado unataka, pasta ana Jumamosi moja Desemba. Kofia nayo itakuja kanisani, upende usipende.

Tafadhali mjibu yeye, si mimi.

Wasalimie walimu wenzako. Mama Kisemei anakusalimu kwa sopa ya kwao, na anasema kwamba maziwa ya chai ya harusi ni juu yake.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Jentrix.