Nilishona Aya Kwenye Ovaroli ya Mume Wangu

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nimeshaanza jambo na sijui kama naharibu. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni makanika, mtu mpole na mchapakazi, ila kanisani haingii, na tangu niokoke miaka sita iliyopita nimehangaikia wokovu wake kwa kila mbinu, nimemfungulia redio ya mahubiri wakati wa kula, nimemwekea vikaratasi vya aya kwenye chakula cha kazini, nikaona haitoshi, nikashona aya kwa uzi mwekundu ndani ya mfuko wa ovaroli yake, wenzake gereji wakaiona, sasa wanamwita Mchungaji, naye akarudi nyumbani akasema, “Mama watoto, ukiendelea hivi nitahamia kwa kaka,” na mume wangu akimaanisha jambo huwa hapandishi sauti.

Mwezi uliopita homa ikanilaza wiki mbili, sauti ikakauka, cherehani ikafunikwa, hata kuomba nikawa nalia tu, Bwana, nimeshindwa, mchukue wewe. Asubuhi moja akaniletea chai, akaketi kitandani, akauliza, “Hivi wewe ukiomba, huwa unamwambia nini?” Shangazi, miaka sita sijawahi kuulizwa! Majibu nilikuwa nayo kumi na mawili lakini sauti haikutoka, nikanong'ona, “Siku hizi nalia tu,” naye akaitikia kwa kichwa, hakuondoka mpaka chai ikapoa.

Sasa nimepona, nimeshamshonea suti ya Jumapili kwa siri, na mchungaji nimemwalika Jumamosi apite kama kwa bahati tu. Lakini najiuliza, mbona aliuliza wakati mimi siwezi lolote? Na nikikaa tu, si uvivu huo? Wanasema Mungu humsaidia anayejisaidia. Naogopa kumpoteza, hapa duniani na huko mbele.

Mke wa Makanika

Mke wa Makanika, nimecheka mpaka miwani ikanidondoka, kisha nikaacha, kwa sababu mtu mzima kubandikwa jina kazini si mchezo. Na uzi mwekundu! Hukuona hata rangi ya kujificha?

Pole kwa homa, na pole kwa hiyo hofu, najua unampenda. Lakini mwanangu, unapiga magoti kumkabidhi Mungu kazi, ukiinuka tu unamnyang'anya. Msemo wako unafaa kwenye kufua na kulima. Moyo wa mtu haushonwi.

Mbona aliuliza siku ile? Swali hilo hata mimi limenikosesha raha, na sitajifanya najua njia za Mungu. Naona tu kwamba siku ile alimkuta mkewe, hakumkuta mhubiri, nawe ulikuwa umemtegemea Mungu kwa kuwa hukubaki na kingine. Uvivu ni kuacha kazi yako. Yako ni kumpenda, kumwombea na kumjibu akiuliza. Kumgeuza hukupewa.

Kwa hiyo mpigie mchungaji simu sasa hivi, asije. Muombe mumeo radhi kwa maneno machache, bila aya hata moja. Suti muonyeshe, aivae anapotaka, hata kwenye harusi. Akiuliza usilolijua, sema hujui.

Jumapili nenda zako kanisani peke yako. Ukisikia nyuma yako mlango unafunguliwa, usigeuke.