Diski ya Nyimbo za Kithyoko

Jumanne, Mumbuni

Na alikuwa anacheka! Hata chai imenishinda kwa hasira.

Mkubwa wetu wa maktaba alichukua diski yangu ya nyimbo za mwethya, kazi ya kusaidiana, za wale akina mama niliowarekodi Kithyoko wakiimba huku wakichimba matuta shambani pamoja. Akampa mpiga video za mazishi, bila kuniuliza. Huyo naye akaona imejaa, akafuta kila kitu apate nafasi.

"Si ni faili tu? Utarekodi tena," mkubwa akaniambia leo akinirudishia.

Nirekodi nani? Mazishi yenyewe yalikuwa ya Mama Kalunde, aliyekuwa akianzisha kila wimbo!

Nimeomba diski ya pili ya kuweka nakala mpaka nimechoka. Kila mara naambiwa ningoje. Vitabu viko na kabati la kufuli, lakini sauti ya mtu inabebwa mfukoni kama...

Kesho Kalunde, mwanawe, anakuja. Amenipigia simu jioni: "Dada, nataka tu kumsikia mama akiimba."

Nimeshindwa kumwambia. Diski imerudi na video ya jeneza la mamake likishushwa, picha safi kabisa. Sauti yake haimo.