Maji ya Mjomba

Jumatatu, 4 Agosti

Zamu yangu na Nyevu, mwenzangu wa chumba, ya kufua mashuka. Nyevu kalala, eti tumbo. Tumbo lake huuma kila zamu ikiwa ya wawili. Nimefua yote, foronya zake nimemwachia kwenye beseni.

Madamu Purity, mshauri wetu, mtu wa bara, karudi na habari. Nyumba hii ya wanawake ya Msambweni ni ya kupona dawa za kulevya, si ya kukaa. Mwisho wa mwezi natoka, tena lazima niende kwa mtu wa ukoo wangu. Kamtafuta mjomba Hamisi na kampata. Nimemwambia simtaki. Akatabasamu. Nalichukia tabasamu lile.

Jumatano, 6 Agosti

Hasira haijashuka. Niandike basi.

Mama alipokufa, shamba lake la minazi kule Galu lilibaki mikononi mwa mjomba, kaka yake. Kwetu Wadigo mjomba ndiye mkubwa wa watoto wa dada yake. Nilikuwa bado nasoma. Akaliuza. Pakajengwa nyumba za wageni. Nimelala nje ya ukuta wa nyumba hizo, upande wa mapipa ya taka, na unga nilianza kuvuta hapo hapo. Sasa ukoo unasema niliharibika kwa kukosa radhi yake.

Yeye. Radhi.

Ijumaa, 8 Agosti

Mjomba kakubali kunichukua, kwa sharti. Apige funda la maji, anipulizie kifuani mbele ya wazee, aseme kinyongo kimemtoka na amenisamehe. Ndivyo wazee wetu wanavyofanya. Sina neno na maji. Nina neno na mdomo utakaoyapuliza.

Madamu hajiwezi kwa furaha. Anataka kupiga picha.

“Hii ni healing ya kwenu kabisa,” kaniambia.

Nikamwuliza ananisamehe kosa gani.

“Wewe simama tu. Ukikataa, utaenda wapi?”

Hapo kanipata. Sina pa kwenda. Nikirudi kulala nje, narudi kwenye unga, najijua. Nitakwenda. Nitasimama. Nimejichukia siku nzima.

Jumapili, 10 Agosti

Uani kwa mjomba, Diani. Mikeka, wazee, mjomba na kanzu mpya. Nilimpa shikamoo, akaipokea akitazama pembeni. Bakuli la maji alilishika mama mdogo Riziki, mdogo wake mama, aliyetoka Kibuyuni. Sijamwona tangu mazishi. Naye nilimchukia. Alikuwa wapi?

Mjomba akapiga funda. Mashavu yakajaa. Wallahi nilikusudia kunyamaza.

“Mjomba,” nikasema, “kabla hujanipulizia, waambie wazee minazi ya mama iko wapi.”

Kunijibu hawezi, maji yamo mdomoni. Akawatazama wazee. Akaitazama simu ya Madamu, bado inapiga picha. Akayameza.

Maji yale hayamezwi. Ni ya kutoka na kinyongo. Ukiyameza umebaki nacho, na watu wote wameona. Bibi mmoja akavaa ndara zake akaondoka bila kuaga. Mama mdogo akamwaga yaliyobaki mchangani, akalifunika bakuli.

Mjomba akapata sauti. “Huyu hana adabu. Asikanyage kwangu.”

Njiani Madamu alisema neno moja tu: “Umeharibu.” Kweli nimeharibu. Na ningerudi ningesema tena.

Jumatatu, 11 Agosti

Nautaka unga. Sijautaka hivi tangu niingie hapa. Nilifunga nguo zangu. Nyevu kakaa mlangoni, miguu kainyoosha. Nikamtukana yeye na tumbo lake. Akanirudishia, matusi ya Kiduruma, sikuyaelewa hata nusu. Hakuondoka. Mpaka magharibi yuko pale pale. Sikumpenda hata kidogo leo.

Jumatano, 13 Agosti

Mama mdogo Riziki kaja. Kaketi ofisini kwa Madamu, kajibu maswali yote, kisha akaniita.

“Nilijua ameuza, nikanyamaza. Nilimwogopa kaka yangu,” akasema. “Kitanda kipo kwangu, mwanangu. Cha wawili.”

Sikumshukuru. Nilimwuliza mbona miaka yote hakunitafuta. Akaanza kuzikunja upya nguo zangu, nilikuwa nimezifunga ovyo. Nikamwacha azikunje.

Jumamosi, 30 Agosti

Kibuyuni. Tumefunga mwani kwenye kamba tangu maji ya bahari yalipokupwa. Kamba zimenikata vidole, chumvi inawasha. Mama mdogo anafunga upesi, mimi wangu unafunguka, yeye anaufunga tena.

Mjomba sijamsamehe. Mama mdogo naye sijamsamehe bado. Anajua, wala haniulizi.

Tumekula wali na dagaa. Kanipa upande wa ukutani, yeye kalala upande wa nje. Kabla ya kulala aliufunga mlango kwa komeo. Nililisikia likiingia. Miaka mingi nimeyasikia makomeo ya watu nikiwa nje. Leo niko ndani.