Magimbi Niliyoamuru Yang'olewe

Msambweni,
Jumatano, baada ya alasiri

Mama yangu,

Assalam alaikum. Pokea shikamoo yako, na ya Baba umfikishie akitoka msikitini. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia limepoa, lakini ulisema upesi mno, na mimi najua unavyosema mambo usiyotaka kuulizwa. Na maji ya chumvi yamepanda hadi wapi safari hii? Mbegu za mpunga zimeota, au mmepoteza kitalu kama mwaka jana? Amina aniandikie jibu kamili, asinitumie vile vipicha vyake vya uso unaocheka.

Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Nakula, nalala, na homa ile haikurudi. Nimeandika barua kwa sababu simu yako, Mama, husikilizwa na uwanja mzima. Nikianza kueleza, Shangazi atauliza nitaolewa lini, Baba atauliza daraja limekwisha, na mimi nitasema kila kitu ni salama. Nimeshasema hivyo mara nne. Si kweli. Muombe Amina akusomee ndani, kwa sauti ya chini, wala asiongeze yake.

Baba huwaambia watu kwamba binti yake anajenga daraja. Mimi sijengi daraja. Daraja la zamani huku upande wa Ramisi lilikuwa jembamba na limechoka, likavunjwa, likajengwa jipya. Wakati wa ujenzi magari yalihitaji pa kupita, basi wakamwaga kifusi katikati ya bonde, wakatengeneza njia ya muda, na chini yake wakalaza mabomba machache ya kupitisha maji. Mabomba yakaziba. Upande wa juu bonde likazama, upande wa chini likakauka hadi udongo ukapasuka. Hali hiyo ilidumu misimu miwili ya mpunga. Daraja lilipokwisha ndipo nikaletwa mimi. Kazi yangu ni kuondoa kile kifusi, kurudisha kijito katika mkondo wake, na kupanda matete, ndago na mikindu ili bonde liwe kama lilivyokuwa.

Siku tulipokata kile kifusi, maji yalipita polepole kwanza, yakiwa meusi na yenye harufu, kisha yakajua njia. Nyamawi, msimamizi wa vibarua, ni mtu wa Taru, kwao ng'ombe hutembezwa nusu siku kufuata dimbwi. Alisimama akiyatazama kama mtu anayetazama harusi ya jirani.

"Dada Zainabu," akaniambia, "nyinyi watu wa maji hamna shukrani. Hii kwetu tungeichinjia mbuzi."

Nilicheka. Nilikuwa na furaha siku ile, Mama, na nataka ulijue hilo kabla ya mengine.

Kosa langu nilikuwa nimeshalifanya wakati wa kaskazi, kabla hata kifusi hakijaguswa. Nilipita bonde la chini na Nyamawi kulipima na kulichora. Hapakuwa na tuta lililosimama, matingatinga yalikuwa yamepita na ng'ombe wamekanyaga. Nikaandika katika ramani: ardhi tupu, haina matumizi. Palikuwa na magugu, na katikati ya magugu palikuwa na magimbi yaliyosalia, majani yake yameungua kwa jua lakini mashina yako hai. Shuleni tulifundishwa kwamba magimbi yakiachwa hukaba vijito, na katika orodha ya mimea ya kung'olewa niliyopewa na kampuni yalikuwemo.

Yalikuwa yamepangika. Shina moja, kisha hatua kadhaa, kisha shina jingine, kisha kona. Mmea wa mwitu haupigi kona. Niliona. Hata niliandika pembeni mwa daftari langu, "mbona yamenyooka hivi?" Kisha jua lilikuwa kali, na Injinia, mkubwa wangu wa kazi, alikuwa ananisubiri barabarani, na ramani ilitakiwa Jumatatu. Nikafunga daftari. Nikamwambia Nyamawi ayang'oe yote hadi mizizi. Naye ni mtu mwaminifu, hakuacha hata moja. Aliyachoma.

Mvua za mwaka zilipokaribia, wanawake walikuja na majembe.

Walikuwa kumi na wawili, wengi wao watu wazima, leso zimefungwa kiunoni. Waliona safu zetu za matete, wakasimama. Aliyetangulia alikuwa Bi Mejumaa, mwembamba, ana sauti ndogo ambayo kila mtu hunyamaza kuisikiliza. Nikaenda nikamwamkia. Akaitikia, kisha akaanza kutembea huku na huku akiangalia chini, kama mtu aliyeangusha pete.

"Magimbi yako wapi?" akauliza.

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, Mama, kwa maneno ya darasani, habari za kukaba vijito. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ni wewe uliyeyang'oa?"

"Ndiyo, bibi."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa amri yangu."

"Afadhali ungetumia mkono. Mkono huchoka, ukabakisha."

Ndipo nikaelewa. Kwa watu wa hapa, konde la mpunga humtoka mama likamfikia binti. Halina karatasi wala ukuta. Matuta hubomoka kila msimu na kujengwa upya, kwa hiyo mpaka hauwekwi kwenye tuta, unawekwa kwenye gimbi. Mwanamke anapopokea konde hupanda magimbi penye kona na kando, na gimbi la mtu haliliwi wala halihamishwi, hata njaa iwe vipi. Likifa hupandwa jingine pale pale, jirani akiona. Mimi nilikuwa nimeiunguza ramani yao yote kwa siku mbili, na badala yake nikawachorea yangu, inayosema hapana mtu.

Mwanakombo, mwanamke mnene mwenye maneno, akasema kwa nguvu ili nisikie, "Tazameni msomi. Ana viatu vya mpira hadi magotini, na gimbi halijui."

"Mwache," mwenzake Riziki akajibu. "Labda kwao wanakula mchele wa dukani."

Wakacheka. Ningenyamaza ingekuwa nafuu. Lakini nilijisikia nikisema, "Mimi ni mtoto wa mpunga. Mama yangu analima mpunga Ozi."

Kicheko kikakatika.

"Basi wewe hukukosea," akasema Bi Mejumaa. "Wewe ulipuuza."

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Mtu akikuonea hujitetea, akikutukana hujibu. Huyu alisema tu kilichokuwa ndani ya daftari langu, na hajawahi kuliona.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Kazi yetu hufungwa kwa fomu. Mimi hutia saini kwamba bonde limerudishwa, na ramani yangu huambatanishwa. Ikishapita, bonde lote la chini linakuwa kinamasi cha hifadhi, matete hayaguswi, na wanawake hawa hawatapanda msimu huu wala unaofuata. Tayari wana miche vitaluni nyumbani kwao. Wewe unajua mche wa mpunga hausubiri hata kidogo.

Nilikwenda kwa Injinia. Ni mtu wa bara, si mtu mbaya, lakini ana barabara nzima kichwani.

"Zainabu, hayo ni maneno ya majirani, watasort wenyewe," akasema. "Wewe saini tu. Daraja limeisha, wakubwa wanakuja kufungua."

"Ramani yangu ni ya uongo."

"Si uongo. Ni makosa kidogo."

"Niliona ile mistari. Niliiandika."

Akaweka kikombe chake chini. "Hiyo usiiweke kwa ripoti. Ukiandika ulikosea, watakusamehe. Ukiandika uliona, unajifunga mwenyewe, na mimi sina kamba ya kukufungua."

"Najua."

"Mkataba wako unaisha mwezi ujao. Hiyo pia unajua?"

"Najua."

Akakichukua tena kikombe, akasema, "Basi andika. Lakini andika vizuri, wasipate pa kukuchekea."

Nimeandika. Nimeandika kwamba bonde la chini ni makonde ya watu, kwamba alama zao ziliondolewa na mradi kwa amri yangu, kwamba mistari niliiona. Nimeomba matete yahamishiwe kingo za kijito, ambako hata hivyo ndiko yanakofaa zaidi, na makonde yaachwe. Nimepeleka jana. Jibu halijaja. Nyamawi aliposikia alianza kung'oa matete kwa upole, shina kwa shina, akiyatia kwenye ndoo ya tope. Nilimwambia bado hatujaruhusiwa. Akasema, "Kung'oa uliniruhusu zamani."

Lakini kuandika hakurudishi gimbi mahali pake. Hilo ndilo linalonila.

Jumapili wanawake walirudi kutafuta mipaka. Nilileta vipimo vyangu, nikajua mara moja havina kazi, maana nilipima urefu na kina cha maji, sikupima watu. Bi Mejumaa akawaambia wavue viatu, waingie, kila mmoja asimame alipokuwa akisimama siku ya kupandikiza. Nilidhani haiwezekani. Ardhi ile yote inafanana. Kumbe hawakuwa wanaikumbuka ardhi, walikuwa wanamkumbuka jirani.

"Mimi nikiinama, mkono wa kushoto nilikuwa na Riziki."

"Muongo wewe, nilikuwa mbele yako. Hukuwa unaona ila matako yangu."

"Hayo siwezi kuyasahau, yalinizibia upepo misimu kumi."

"Na wewe Mwanakombo sogea, hapo ndipo ulipokuwa unaniibia maji kila alfajiri."

"Sikuiba. Maji yalinipenda."

Walibishana hivyo hadi adhuhuri, wakisogea hatua moja mbele, mbili nyuma, wakivutana leso. Nyamawi alichomeka kijiti kila walipokubaliana. Nilikuwa nimeshika daftari, na mara nyingine nilisahau kuandika. Nilifikiri, pengine Mungu amenisitiri.

Kisha tukafika katikati, pakawa na pengo.

Hapo palikuwa pa marehemu Bi Fatuma, aliyefariki wakati njia ya muda bado ipo. Riziki upande mmoja, Mwanakombo upande wa pili, kila mmoja alisimama alipoapa kuwa ndipo pake. Baina yao zilibaki hatua tatu. Konde la hatua tatu halipo, Mama. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anaiba, niliwatazama nyuso zao. Kila mmoja alikuwa na hakika. Aliyeweza kuwarudisha nyuma amezikwa.

Bintiye, Mwanaisha, aliitwa kutoka Diani. Anafanya kazi hotelini, alikuja na sare zake, ana umri wangu. Hakuwahi kulima. Alivua viatu akaingia kwenye tope, akasimama katika zile hatua tatu, akageuka kushoto na kulia.

"Mama aliniambia nikija nifuate magimbi," akasema. "Hakuniambia zaidi ya hapo. Alisema inatosha."

Akanigeukia mimi, pengine kwa sababu nilikuwa na daftari.

"Basi nisimame wapi?"

Nilimwambia pole. Akasema ahsante, kwa adabu kabisa, na adabu yake ndiyo iliyoniumiza. Kwenye ramani mpya pale nimeandika: konde la Mwanaisha binti Fatuma, mipaka imefutwa na mradi. Niliandika jina lake kamili ili asije mtu siku moja akasema hapakuwa na kitu.

Kesho baada ya dhuhuri wanawake wanakaa kwa Bi Mejumaa kuamua habari ya zile hatua tatu. Wameniita. Mwanakombo amesema ataachia kidogo kama Riziki ataachia, na Riziki amesema vivyo hivyo, na kila mmoja anamngoja mwenzake aanze. Sijui nimeitwa kama shahidi au kama mshtakiwa. Nitakwenda, nitakaa chini, na nikiulizwa nitasema.

Pengine nitarudi nyumbani mwezi ujao bila kazi. Usimwache Baba asikie kwa watu. Mwambie wewe, usiku wa kawaida, baada ya kula, mwambie binti yake hakufukuzwa kwa uvivu wala kwa wizi. Mwambie daraja ni zuri, limesimama, maji yanapita chini yake.

Na nina ombi moja. Tangu Jumapili ninajaribu kukumbuka konde lako linaanzia wapi na kuishia wapi. Nakumbuka njia ya kwenda, nakumbuka mahali pa kuweka chakula, nakumbuka ndege niliokuwa nikiwafukuza. Mipaka siijui. Umenisomesha miaka yote hiyo, na wala hukuniambia, wala sikuuliza. Nikifika, usinipikie kwanza. Nipeleke, unionyeshe kona kwa kona, na Amina aje, na jirani zako waitwe waone tukionyeshwa.

Nisalimie Bibi, umwambie dawa yake ya kikohozi niliitumia yote. Nisalimie Shangazi, bado sijaolewa. Nisalimie Mjomba wa ng'ambo ya mto na wanawe, na yule mwalimu wangu wa madrasa kama bado anakuuliza habari zangu. Amina, umesoma vizuri, sasa kunja karatasi umpe Mama aiweke mwenyewe.

Niombee kesho, Mama. Usiombe nishinde. Omba wale wawili waachie.

Ni mimi mwanao,
Zainabu